Maswali Yenu: Kompyuta Ikikutana na Mashairi, Midundo na Rangi

Barua za safari hii karibu zote zinagusa kitu kimoja, kufundisha kompyuta kwa kuichanganya na masomo mengine, lugha, muziki, uchoraji, historia, na wengi mnauliza kwa wasiwasi kama hii ni elimu kweli au ni kupamba tu. Msimamo wangu nausema mapema msije mkautafuta: somo lingine likiletwa lazima lije na swali lake la kweli, alafu kompyuta ifanye kazi ngumu kwenye kulijibu. Mwanafunzi akiandika insha kuhusu historia ya kompyuta akaipaka rangi ikapendeza, hapo kompyuta haijafundishwa. Haya twende.

SWALI: Mimi nafundisha Kiswahili. Mwenzangu wa kompyuta kanifuata, anataka tufundishe mada moja pamoja, eti mashairi na programu. Sikutaka kumvunja moyo ila kwa kweli sioni mashairi yanaingiaje huko, naogopa vipindi vyangu vitaliwa bure. Nimkubalie au nimkwepe kistaarabu?
*Mwalimu wa Kiswahili*

JIBU: Mkubalie mwalimu wangu, tena leo hii. Mizani unayoifundisha kila mwaka ni moja ya mazoezi mazuri kabisa ya programu ninayoyajua, na walimu wengi wa kompyuta hawajui kama ipo.

Angalia. Tarbia ina mishororo minne kila ubeti, na mara nyingi mshororo unabeba mizani 16, nane ukwapi nane utao. Wanafunzi wako wanahesabu kwa vidole. Sasa waambie waandike programu ihesabu badala yao. Wataanza kwa kujiamini sana, watasema silabi za Kiswahili zinaishia na irabu, kwahiyo hesabu a, e, i, o, u, basi kazi imeisha. Waijaribu kwenye "Haraka haraka haina baraka", programu itasema 12, vidole vitasema 12, darasa zima litashangilia. Alafu uwape "Mtoto wa nyoka ni nyoka". Programu inasema 8. Vidole vinasema 9.

Hapo ndo kipindi kinaanza, na hapo usiwasaidie haraka. Wataona wenyewe kwamba m ya mtoto ni silabi inayojitegemea, wataongeza kanuni: m ikifuatwa na konsonanti, hesabu moja zaidi. Mtu, mti, mlango, mchezo, zote zinakaa sawa. Alafu inakuja "mwalimu" na programu inasema silabi nne wakati ni tatu, haya inabidi w iondolewe. Inakuja "nyumba" nayo imeharibika, mb yake haihesabiwi. Wataiondoa b pia, alafu "mbuyu" itawagomea maana pale m inasimama peke yake. Na n nayo ina vituko vyake, "nchi" ni silabi mbili, "ndizi" pia ni mbili ila kwa sababu nyingine kabisa. Kila wanapoziba tundu moja lingine linafunguka, na hiyo mwalimu ndo kazi halisi ya mtu anayeandika programu, kutafuta mfano utakaoivunja kanuni yake kabla mtumiaji hajaupata.

Ukitaka kuwafikisha mwisho wa njia wape "mtu mbaya" na "nyumba mbaya". Herufi ni zile zile. Kwa mtu tunasema m-ba-ya, silabi tatu, kwa nyumba ni mba-ya, mbili. Hakuna kanuni ya kuangalia herufi peke yake itakayowaokoa, programu inabidi ijue neno limeambatana na nomino ya ngeli gani. Mwanafunzi aliyekuwa analalamika kwamba ngeli ni za kukariri tu kwa ajili ya mtihani sasa anazihitaji ili kitu chake kifanye kazi, na atakuja kwako kukuuliza, sio kwa mwalimu wa kompyuta. Maneno kama "daktari" na "labda" yaacheni wabishane, k ile ihesabiwe au isihesabiwe, ni ubishi wenye maana kwa sababu mwisho wake lazima waamue na waandike uamuzi wao kwenye programu, mashine haikubali "inategemea".

Vina ni rahisi zaidi, ni kuchukua silabi ya mwisho ya kila kipande na kulinganisha. Mwisho kabisa waandike beti zao wenyewe na programu walizotengeneza ziwe ndo hakimu.

Na kama bado una shaka kwamba fasihi na hisabati vinaweza kukaa meza moja, Andrey Markov, mwanahisabati wa Urusi, mwaka 1913 alichukua herufi 20,000 za mwanzo za utenzi mmoja mrefu wa Pushkin, akahesabu kwa mkono irabu na konsonanti zinavyofuatana. Alikuwa anaijaribu kwenye fasihi hesabu aliyoianzisha mwenyewe miaka michache kabla, leo tunaiita minyororo ya Markov, na wazo la kukisia kinachofuata kwa kuangalia kilichotangulia limefika mpaka kwenye kibodi za simu zinazokupendekezea neno.

SWALI: Habari za kazi. Shuleni kwetu kompyuta nyingi zimekufa, zilizobaki wanafunzi wanagombania. Haya mambo ya ubunifu si ni ya shule zenye vifaa? Sisi tufanyeje?
*Mwalimu asiye na maabara*

JIBU: Pole sana mwalimu, najua inavyochosha. Ila kuna sehemu kubwa ya sayansi ya kompyuta haihitaji hata kompyuta moja, na kuna watu wameifanyia kazi hii tangu miaka ya 1990, Tim Bell wa New Zealand pamoja na Ian Witten na Mike Fellows. Mpango wao unaitwa CS Unplugged na mazoezi yake ni bure.

Zoezi lao maarufu ni hili. Chukua kadi tano, upande mmoja weka nukta, 16 kwenye ya kwanza, alafu 8, 4, 2, 1. Wanafunzi watano wasimame mbele kwa mpangilio huo kila mmoja na kadi yake, kadi ikionekana ni 1, ikigeuzwa ni 0. Waambie waonyeshe 13. Watahangaika kidogo, watapata 8 na 4 na 1, yaani 01101. Waonyeshe 31, sawa. Waonyeshe 32, haiwezekani, mpaka mtu aseme aitwe mwenzao wa sita, na yeye anabeba nukta ngapi? Wataona wenyewe kwamba kila kadi ni mara mbili ya jirani yake na wewe hujaandika kitu ubaoni. Mwalimu wa michezo anaweza kuibeba ikaenda uwanjani, kusimama ni 1 kuchuchumaa ni 0, A ni 1, B ni 2, mpaka Z 26, kundi moja linatuma neno kundi la pili linasoma kwa mbali.

Lingine linafaa kupewa mwalimu wa maigizo maana linachezwa kama mazingaombwe. Mwanafunzi anapanga kadi zenye pande mbili, nyeusi na nyeupe, safu tano kwa tano anavyotaka yeye. Wewe unaongeza safu moja pembeni na moja chini "ili kuongeza ugumu", kumbe unahakikisha kila mstari una idadi shufwa ya kadi nyeusi. Unageuka ukutani, anageuza kadi moja, unarudi na unaionyesha moja kwa moja. Mstari mmoja wa mlalo na mmoja wa wima zimekuwa witiri, zinapokutana ndo penyewe. Mashine zinagundua data iliyoharibika njiani kwa wazo hilo hilo.

Angalizo langu ni moja. Mchezo ukiisha bila mtu kusema unahusu nini ndani ya mashine, mmecheza tu. Tenga dakika za mwisho za kuongea hilo kila mara, hata kengele ikikaribia.

SWALI: Nafundisha hisabati na jioni nasimamia kikundi cha muziki. Vijana wangu wanapenda midundo kuliko kitu chochote. Nataka kutumia hiyo kuwafundisha programu ila kila ushauri ninaopewa unaishia kwenye kuwafundisha kubonyeza programu za kurekodi. Kuna kitu kirefu zaidi ya hapo?
*Mpenda midundo*

JIBU: Kipo, na kinaanzia kwa Euclid, miaka kama 300 kabla ya Kristo. Unaifahamu njia yake ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, unagawanya, unachukua baki, unagawanya tena. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mwanasayansi wa kompyuta aliyefundisha chuo kikuu cha McGill kule Kanada, alionyesha kwamba njia hiyo hiyo inazalisha midundo mingi ya asili ya sehemu mbalimbali duniani.

Fanya hivi na vijana. Una nafasi 8, unataka mapigo 3, na unataka yasambae kwa usawa kadri inavyowezekana. 8 haigawanyiki kwa 3 kwahiyo haiwezi kuwa sawa kabisa, na utamu wa mdundo unatoka hapo hapo kwenye kutogawanyika. Weka mapigo matatu na kimya tano. Kila pigo lipe kimya kimoja, zinabaki kimya mbili, zigawe kwa mapigo mawili ya kwanza. Unapata piga-kimya-kimya, piga-kimya-kimya, piga-kimya. Tatu, tatu, mbili. Wapigishe makofi kabla hujawaambia chochote, wataitambua, mdundo huo wameusikia kwenye nyimbo nyingi mno.

Sasa ilete kwenye programu. Nafasi zipe namba 0 mpaka 7. Kila namba izidishe kwa 3, gawanya kwa 8, angalia baki. Baki ikiwa chini ya 3 piga, vinginevyo nyamaza. Fanya kwa karatasi kwanza: 0 baki 0, piga. 1 baki 3, kimya. 2 baki 6, kimya. 3 inakuwa 9 baki 1, piga. Endelea utaona mapigo yanaangukia 0, 3 na 6. Mstari mmoja tu wa programu ndani ya lupu, yaani amri ya kurudia, na mwanafunzi aliyekuwa anauliza baki inatumika wapi maishani sasa anaisikia kwa masikio. Badilisha 3 iwe 5, mdundo mwingine kabisa. Badilisha 8 iwe 12 au 16 na waache wavurugane nazo, wataanza wenyewe kuuliza kwa nini namba fulani zinatoa mdundo mkavu na nyingine zinacheza, na watagundua kwamba 4 ndani ya 8 inaboa maana inagawanyika bila baki.

Chombo kizuri cha kazi hii ni Sonic Pi ya Sam Aaron, ilitoka mwaka 2012, ni ya bure, unaandika maneno inatoa sauti papo hapo. Ina amri tayari ya kusambaza mapigo hivi, ila mimi ningewaficha mpaka waandike ya kwao. Ukipata mwalimu wa fizikia mwambie pia kwamba Toussaint aliiona njia hii kwenye kazi ya Bjorklund, ambaye alikuwa anapanga muda wa mapigo kwenye mashine za kuzalisha nyutroni. Nyutroni na ngoma, algorithimu moja, yaani hatua zile zile. Mimi hii kitu kila nikiifikiria nafurahi upya.

SWALI: Lugha gani ya programu nianze nayo kwa wanafunzi wasiojua chochote? Kila mtu ana yake.
*Nimechanganyikiwa*

JIBU: Wadogo Scratch, ile ya kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini, wakubwa Python, ya kuandika maneno, na usipoteze usingizi zaidi ya hapo. Python inakuja na kobe wake wa kuchora tayari ndani, alama inayotembea kwenye skrini ikiacha mstari, huhitaji kupakua kitu kingine. Kobe huyo ni mjukuu wa Logo, lugha ya mwaka 1967 ya akina Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, walioitengeneza mahususi kwa ajili ya watoto. Mwambie kobe aende mbele hatua 100 ageuke digrii 90, arudie mara nne, una mraba. Mwambie mwanafunzi atengeneze nyota ya pembe tano na ukae kimya, atakuja kuuliza digrii ngapi, mrudishie swali.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 16, napenda kuchora kuliko vyote na nataka kusoma kompyuta pia. Mwalimu mmoja aliniambia kompyuta ni ya watu wa hesabu, mchoraji atateseka bure. Rafiki zangu nao wanasema nichague moja. Ni kweli?
*Mchoraji*

JIBU: Marahaba binti yangu. Hapana, sio kweli, na naomba usiiache hiyo kauli ikae kichwani mwako hata siku moja.

Ukirudi nyuma kabisa kwenye historia ya hii mashine unakuta nguo yenye maua. Mwaka 1804 kule Ufaransa Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma uliosoma kadi zenye matundu, tundu likiwepo uzi unanyanyuliwa, lisipokuwepo unabaki, na ua linajitokeza kwenye kitambaa mstari kwa mstari. Charles Babbage akachukua wazo la kadi hizo kwa mashine yake ya kukokotoa, ambayo hakuwahi kuimaliza, na Ada Lovelace kwenye maelezo yake ya mwaka 1843 akaandika kwamba mashine hiyo inafuma maumbo ya aljebra kama vile mtambo wa Jacquard unavyofuma maua na majani, tena akasema siku moja inaweza kutunga muziki. Ni mwanamke, 1843, mashine yenyewe haipo bado, na tayari anaona sanaa ndani yake.

Alafu kuna Vera Molnár, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris. Kabla hajapata kompyuta alikuwa anajiwekea kanuni na kuchora kwa mkono kama vile yeye ndo mashine, alipoipata mwaka 1968 akaendelea nayo, na aliendelea kufanya sanaa mpaka alipofariki mwaka 2023 akikaribia miaka 100. Karibu miaka hiyo hiyo Georg Nees wa Ujerumani alitengeneza picha ya miraba iliyopangwa kwa nidhamu juu, na kadri unavyoshuka inazidi kuyumba mpaka chini imekuwa vurugu tupu.

Hiyo picha nataka ujaribu kuitengeneza wewe. Tumia p5.js, chombo cha kuchora kwa kuandika programu, inafunguka kwenye brauza ya kawaida, aliianzisha Lauren Lee McCarthy akifuata nyayo za Processing, chombo cha aina hiyo hiyo cha Casey Reas na Ben Fry cha mwaka 2001. Chora mraba mmoja. Weka lupu upate mstari wa miraba, lupu ndani ya lupu upate ukurasa. Alafu kila mraba uzungushe kidogo kwa namba ya bahati nasibu, na hiyo bahati nasibu ikue kadri namba ya mstari inavyokua. Utahitaji hesabu, ndiyo, ila utaihitaji kwa sababu kuna kitu unakitafuta kwa macho na bado hakijakaa unavyotaka, na mchoraji anajua kukaa na kitu mpaka kikae. Watu wengi wa hesabu hawana huo uvumilivu wa macho ulionao wewe. Ukimaliza badilisha kitu kimoja tu ambacho Nees hakukifanya, hiyo ndo itakuwa yako.

SWALI: Mwalimu wa historia hapa. Naskia kila somo linaunganishwa na kompyuta, sisi wa historia tumeachwa?
*Mwanahistoria*

JIBU: Hamjaachwa ndugu yangu. Chukua maandishi ya siri. Julius Caesar wa Roma ya kale alikuwa anasogeza kila herufi nafasi tatu mbele, wanafunzi wataandika programu ya kuficha ujumbe kwa haraka tu, ila waulize kwanza: alfabeti yetu haina q wala x, tunazungusha herufi 24 au 26? Lazima mtumaji na mpokeaji wakubaliane, la sivyo ujumbe unaharibika. Kisha walete karne ya 9 Baghdad kwa Al-Kindi, aliyeandika namna ya kuvunja siri kwa kuhesabu herufi inayojirudia zaidi. Kwa Kiswahili herufi hiyo ni a. Na kuna vidokezo vingine watoto watavipata wenyewe ukiwaachia muda, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu kwahiyo mwisho wa maneno utaonyesha alama chache zile zile, na c haitembei bila h, kwahiyo ukiona alama ambayo kila ikitokea inafuatwa na mwenzake yule yule umeshapata mbili kwa mpigo. Waandike programu ya kuhesabu, wabadilishane ujumbe, kundi lingine livunje. Wakimaliza waulize kama Caesar angekuwa salama mbele ya Al-Kindi, na hapo ndo mnaingia kwenye mjadala wa siri, vita na madaraka ambao wewe unaujua kuliko mwalimu yeyote wa kompyuta.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 anashinda kwenye Scratch, paka anaruka, paka anacheka, paka anakimbizana na mpira. Shuleni wanasema ndo somo la kompyuta. Mimi nikiangalia naona katuni. Nimkataze?
*Mama mwenye mashaka*

JIBU: Mama, usimkataze bado. Scratch ilitoka mwaka 2007 kwenye maabara ya Mitchel Resnick pale MIT Marekani, na yule paka ndo nembo yake. Ni ya bure, unaweza hata kuibadilisha lugha ikawa Kiswahili, nakushauri ufanye hivyo ili usome naye.

Mashaka yako lakini yana msingi, maana mtoto anaweza kukaa humo muda mrefu sana akibadilisha nguo za paka tu asijifunze kitu. Njia ya kujua ni kukaa pembeni yake na kumuuliza. Paka anajuaje kwamba amegusa mpira? Ukitaka mpira uende kasi zaidi unabadilisha wapi? Alama za mchezo zinahifadhiwa wapi? Akikuonyesha vipande na kukueleza, jua hapo kuna masharti, kuna lupu, kuna variabo, yaani mahali pa kuhifadhi namba kama hizo alama, na hiyo ni programu kamili hata kama inacheka. Akisema "sijui, niliipakua hivi hivi" mwambie sawa, sasa tubadilishe kitu kimoja.

Alafu msukume kidogo nje ya katuni. Mwambie atengeneze nukta 50 zinazotembea ovyo, moja nyekundu, ikigusa nyingine nayo inakuwa nyekundu. Ahesabu nyekundu ni ngapi kila sekunde. Itapanda polepole, alafu itapanda kwa kasi, alafu itatulia kwa sababu hakuna tena wa kugusa. Mwambie nusu ya nukta zisimame zisitembee, aone kinachobadilika. Mtoto wa miaka 9 atakuwa ameelewa ugonjwa unavyosambaa, na ameelewa kwa kutengeneza mwenyewe. Ni nzito kidogo kwa umri wake kwahiyo ukae naye, na usishike wewe kipanya.

SWALI: Mimi nakubaliana na haya yote ila nakwama kwenye maksi. Mmoja analeta picha nzuri imejaa rangi na programu yake ni ya mistari mitano amenakili, mwingine analeta kitu kibaya cha kuangalia ila amefikiri sana. Na sasa hivi akili mnemba inawaandikia kila kitu. Nasahihishaje kwa haki?
*Mwalimu wa kompyuta*

JIBU: Swali hili nililisubiri, sababu projekti nyingi za ubunifu zinafia hapa. Uzuri upe maksi chache, zisizidi kumi kwa mia kwa maoni yangu, ili anayejali apate kitu na asiyejua kuchora asiumie. Zilizobaki zigawe kati ya programu yenyewe na mwanafunzi kuielezea, na kuelezea kusiwe kidogo.

Akili mnemba hutaizuia kwa kukataza. Unachoweza ni kusahihisha kitu ambacho haiwezi kumfanyia akiwa amekaa mbele yako. Kila mmoja mpe dakika chache: fungua programu yako, niambie mstari huu ukiondolewa itatokea nini, usiiendeshe kwanza, tabiri. Alafu iendeshe tuone. Alafu ibadilishe, mdundo wako wa mapigo 3 kati ya 8 ufanye 5, au programu yako ya mizani niongezee neno hili ambalo inalikosea. Anayekosea kutabiri usimnyime maksi zote, msikilize anavyojieleza baada ya kuona amekosea, pale ndo utajua. Sue Sentance wa Uingereza na wenzake walipanga mafundisho kwa mfuatano unaofanana na huu, kutabiri, kuendesha, kuchunguza, kubadilisha, alafu kutengeneza chako, na mimi naona unafaa kufundishia na kusahihishia pia. Angalia kutengeneza kumewekwa mwisho. Wengi tunawaambia watoto wabuni siku ya kwanza wakati hawana kitu mkononi cha kubunia, wanakimbilia kunakili, alafu tunawalaumu.

Darasa likiwa kubwa huwezi kumaliza wote, najua. Wafanye wawili wawili, wahojiane wao kwa maswali uliyoyaandika ubaoni, wewe unazunguka na kukaa na jozi chache kila kipindi mpaka wote uwapitie. Na waombe waweke matoleo ya zamani ya programu zao, lile lililosema mtoto wa nyoka ana silabi 8 walilete pamoja na lililorekebishwa, na sentensi mbili za kueleza walibadilisha nini na kwa nini. Yote haya watangazie siku unayotoa kazi, sio siku ya kuikusanya.